Kauboi hakuwa na mwenyewe

Msomaji wetu mmoja, kijana wa chuo anayeishi Tanga, katuletea swali ambalo naona linazua ubishi nyumba nyingi. Anasema baba yake kila akiwakuta sebuleni wanaangalia muvi za Marvel, zile za masupahiro, anasimama mlangoni anatingisha kichwa, eti haya ni makelele tu, sinema zilikuwa zile za makauboi, za kina Clint Eastwood na Franco Nero, unaangalia mara moja unaikumbuka mpaka uzeeni. Yeye kijana anamjibu kwamba ni kitu kile kile, wamevua kofia wamevaa joho. Sasa anauliza mambo mawili: nani kati yao yuko sahihi, na je ni kweli hawa masupahiro nao watapotea kama walivyopotea makauboi?

Kwanza mzee mfikishie shikamoo yangu. Halafu wewe mdogo wangu kaa vizuri maana jibu ni refu, mi hizi sinema ndo kazi yangu, nazifundisha na nazipenda zote, na naona mnabishana kuhusu mavazi wakati tofauti yenyewe iko kwenye kitu ambacho hata hakionekani kwenye skrini, nacho ni nani anammiliki yule steringi. Nitafika huko, ila tuanze na hoja yako.

Kwamba stori zinafanana, hapo huna kosa. Mji umeshikwa na waovu, sheria imelala au imenunuliwa, wananchi wanaogopa, anatokea mtu mmoja mwenye uwezo ambao wenzake hawana, mwanzoni hataki kupigana, mwishoni inabidi. Zote mbili zimezaliwa Marekani na zote zinaizungumzia Marekani. Sinema ya kikauboi iliyotikisa mwanzoni kabisa ni The Great Train Robbery ya 1903, dakika kama 12 tu, majambazi wanateka treni, wanafukuzwa, wanamalizwa. Superman yeye katoka 1938 kwenye vitabu vya katuni, kabuniwa na vijana wawili wa Cleveland, Jerry Siegel na Joe Shuster, wote wa familia za Kiyahudi zilizohamia kutoka Ulaya. Tofauti ndogo hapo ambayo watu hawaizingatii ni kwamba kauboi alikuwa mtu wa kweli kabla hajawa mtu wa sinema, Wyatt Earp mwenyewe, askari wa enzi hizo, yule wa mapigano ya risasi ya O.K. Corral ya 1881, kafia Los Angeles mwaka 1929 wakati sinema zimeshaanza kutoa sauti, yaani wazee walioshuhudia yale mambo walikuwa wanaweza kukata tiketi wakaenda kujiangalia. Kwa hiyo sinema ya kikauboi hata ikidanganya, na ilidanganya sana, ilikuwa inadanganya kuhusu jambo lililotokea.

Sasa angalia kinachotokea baada ya risasi ya mwisho, maana hapo ndo mzee wako ana pointi nzito kuliko anavyoieleza.

Chukua High Noon ya 1952, muongozaji Fred Zinnemann. Gary Cooper ni Will Kane, mashali wa mji, yaani mkuu wa usalama pale, asubuhi hiyo hiyo kaoa na kakabidhi kazi, anataka aondoke na mkewe wakaanze maisha. Inakuja habari kwamba Frank Miller, jambazi aliyemkamata miaka ya nyuma, katolewa jela na anafika na treni ya saa sita mchana, na wenzake watatu wameshakaa stesheni wanamsubiri. Sinema yote ina dakika kama 85 na muda wa ndani ya stori unakwenda karibu sawa na muda wako wewe uliyekaa kwenye kiti, kila mara unaonyeshwa saa ya ukutani, na Kane anazunguka mjini kutafuta watu wa kumsaidia. Hakimu anafungasha vitu vyake anakimbia. Anaenda baa, wanamcheka. Anaenda kanisani katikati ya ibada, watu wanajadili kama kikao cha mtaa, wengine wanamtetea, mwisho wanaona bora aondoke tu ili damu isimwagike mjini kwao. Kuna rafiki yake mmoja anamwambia mkewe aende mlangoni aseme hayupo, na Kane anajua kabisa jamaa yuko ndani. Unaona mtu mzima jasho linamtoka, anaandika wosia. Mwisho anapigana peke yake, anayemsaidia ni mkewe, na mkewe ni mtu wa dini inayokataza kuua. Wakishamaliza, wananchi ndo wanatoka majumbani wanajazana. Kane hawaambii neno hata moja, anavua ile beji anaitupa mavumbini, anapanda gari la farasi na mkewe, wanaondoka.

Ile beji mavumbini ndo aina yote hii ya sinema. Mwaka uliofuata Shane nayo ikaisha na mtu kajeruhiwa anapanda farasi anaenda zake wakati mtoto anamwita, na The Searchers ya John Ford, ya 1956, inaisha na John Wayne kamrudisha binti nyumbani, familia yote inaingia ndani, yeye anabaki nje, mlango unafungwa. Ni kanuni hiyo hiyo: mtu anayejua kuua hawezi kukaa na watu aliowaokoa. Kile kipaji kilichowasaidia ndo hicho hicho kinachomfukuza. Mtaani tulizoea kusema steringi hafi, na kweli hafi, ila kwenye hizi sinema anapoteza kitu kingine, anapoteza nyumbani.

Na wale watu walikuwa wanabishana kweli kweli kupitia sinema. Mwandishi wa High Noon, Carl Foreman, wakati sinema inatengenezwa aliitwa mbele ya kamati ya bunge la Marekani iliyokuwa inasaka wakomunisti, akakataa kutaja majina ya wenzake, akafungiwa kazi Hollywood, akahamia Uingereza. Ukijua hilo, ile sehemu ya kanisani unaiangalia kwa macho mengine kabisa, ni mtu anaeleza jinsi marafiki walivyomkimbia. John Wayne aliichukia ile sinema, na muongozaji Howard Hawks aliona haiwezekani askari wa kweli aende kuombaomba msaada, kwa hiyo wakatengeneza Rio Bravo ya 1959 kama jibu. Hebu fikiria, sinema inajibiwa kwa sinema, na yeyote anaweza kujibu kwasababu wote wanatumia kofia ile ile, farasi yule yule, na mji ule ule wa mbao. Hili liweke pembeni, tutalirudia.

Upande wa masupahiro, sinema haiishi. Tangu Iron Man ya 2008, majina yakishapita unakaa kwenye kiti unasubiri kale kakipande ka mwisho kanakokwambia nani anakuja muvi ijayo. Hapo wanakuuzia tiketi ya pili kabla hujatoka mlangoni. Na madhara yake kwenye stori ni makubwa sana, maana mtu ambaye lazima arudi mwaka kesho hawezi kulipa bei ya kweli. Tony Stark, yaani Iron Man mwenyewe, kafa kwenye Avengers: Endgame mwaka 2019, watu walilia ukumbini na wana haki ya kulia, lakini mwaka 2024 wakatangaza kwamba Robert Downey Jr. yule yule anarudi, safari hii kama adui, Doctor Doom. Wolverine kafa kwenye Logan ya 2017, kifo kizuri mno, 2024 karudi na muvi ikaingiza zaidi ya dola bilioni 1.3. Mi siwalaumu waigizaji. Nasema tu kwamba ukishajua kaburi linafunguliwa, mazishi yanapungua uzito.

Ila mzee naye asifurahi mapema. Kuna sinema za masupahiro ambazo zimeingia kwenye hili swali la bei kwa nguvu zote, na ya kwanza ni The Dark Knight ya Christopher Nolan ya 2008. Mkumbushe mzee The Man Who Shot Liberty Valance, ya John Ford, 1962. Pale mji mzima unaamini kwamba yule mwanasheria mpole, James Stewart, ndiye aliyempiga risasi jambazi, akapanda cheo mpaka akawa seneta, kumbe aliyepiga ni John Wayne kutoka gizani, akakaa kimya, akafa maskini na hakuna anayemjua. Mwandishi wa gazeti anaambiwa ukweli wote na anakataa kuuchapisha. Sasa kwenye The Dark Knight mwendesha mashtaka Harvey Dent, tumaini la mji, anageuka muuaji, na akishakufa Batman na Kamishna Gordon wanakubaliana kuficha, Batman anabeba lawama ya mauaji ambayo hakufanya, anakimbia usiku mbwa na polisi nyuma yake. Ni uongo ule ule wa kujenga mji. Tofauti ni kwamba Ford anakuonyesha uongo ukiwa umeshakaa miaka mingi, umeshageuka reli na bustani na cheo, na anakuacha na huzuni yake uamue mwenyewe, Nolan yeye anauacha ukiwa bado moto halafu muvi inayofuata ya 2012 anaufumua. Mi nadhani Ford kafika mbali zaidi, lakini ukweli kwamba unaweza hata kulinganisha unaonyesha muvi ya supahiro siyo lazima iwe makelele.

Kitu kingine ambacho mzee hakioni ni kwamba anakumbuka malai tu. Kulikuwa na studio ndogo ndogo Hollywood, kina Republic na Monogram, ambazo miaka ya 1930 na 1940 zilikuwa zinatoa sinema za kikauboi za bei nafuu mfululizo, stori inajirudia, farasi wanapita kwenye jabali lile lile mara tatu, kauboi anaimba na gitaa. Hizo hazikumbukwi na hazistahili kukumbukwa. Ukilinganisha The Searchers na muvi mbovu ya supahiro ya mwaka jana hujatenda haki, linganisha bora kwa bora na hovyo kwa hovyo.

Halafu kuna dhambi ambayo sinema za kikauboi zilifanya na lazima isemwe wazi. Wenyeji wa asili wa ile nchi, watu walionyang'anywa ardhi, kwenye sinema nyingi wanatokea kilimani wanapiga kelele wanaanguka kutoka kwenye farasi, basi. Stagecoach ya 1939, sinema nzuri sana kiufundi, ndo iliyomfanya John Wayne kuwa staa, Waapache pale ni tishio la kupigwa risasi tu. Na walioigiza kwenye sinema za Ford kule Monument Valley mara nyingi walikuwa Wanavajo wa pale pale, wanavalishwa kuwa Waapache au Wakomanche, mradi sura ifanane. Makauboi weusi nao walifutwa, wakati wanahistoria wanakadiria kwamba karibu mmoja kati ya wanne wa wale waliokuwa wanaswaga ng'ombe alikuwa mtu mweusi, na askari maarufu kama Bass Reeves alizaliwa mtumwa. Mwaka 1972 Sidney Poitier mwenyewe akaongoza Buck and the Preacher, farasi wa kikauboi kapandwa na mtu mweusi kama steringi na si kama mtumishi.

Na huku kwetu hilo halikuzuia vijana kuzipenda. Dar es Salaam ya miaka ya 1950 vijana wa mjini walikuwa wanavaa na kutembea kikauboi mpaka wakubwa wa kikoloni wakaanza kuingiwa na wasiwasi kuhusu sinema zinawafundisha nini, na kule Kinshasa, enzi hizo Léopoldville, kulikuwa na makundi ya vijana walijiita Bills kutokana na Buffalo Bill, yule Mmarekani aliyekuwa maarufu kwa maonyesho ya kikauboi, wana mavazi yao na lugha yao ya mtaani. Mi nalielewa hivi: kijana aliyekuwa anaambiwa na mkoloni asimame wapi na atembee saa ngapi alimwona mtu ambaye anaingia mji wowote na hasujudii yeyote, akajichukulia. Hakuangalia rangi ya aliyepanda farasi, aliangalia namna alivyokaa juu yake. Sinema zenyewe zilikuwa na maneno machache, mtu ambaye hajui Kiingereza alikuwa haachwi nyuma.

Masupahiro kwenye hili wamefanya jambo ambalo makauboi hawakufanya enzi zao za dhahabu. Black Panther ya Ryan Coogler, 2018, imeingiza zaidi ya dola bilioni 1.3, watu wanaongea Kixhosa kwenye muvi ya bajeti kubwa ya Hollywood, na Februari ya mwaka huo ikazinduliwa Kisumu, kwa kina Lupita Nyong'o. Ukiangalia vizuri, adui wa ile muvi, Killmonger, ana swali ambalo steringi hawezi kulijibu kirahisi, kwamba mlikuwa na uwezo wote huo mkanyamaza wakati wenzenu wanauzwa. Hilo ni swali la kikauboi kabisa, ni lile la kanisani kwenye High Noon.

Haya, sasa tuje kwenye umiliki.

Mzee wako kataja Clint Eastwood na Franco Nero. Je anajua kwamba zile sinema anazozisifia kwa sehemu kubwa si za Kimarekani? Zimetengenezwa na Waitaliano, nyingi zikapigwa Hispania, kwenye jangwa la Almería. A Fistful of Dollars ya 1964 ilikuwa na bajeti ya dola laki mbili hivi, Eastwood alikuwa muigizaji wa tamthilia ya TV akalipwa dola 15,000, muongozaji Sergio Leone karibu hajui Kiingereza na kwenye majina ya mwanzo akajiita Bob Robertson ili watu wadhani ni Mmarekani. Alichokifanya Leone ni kuchukua aina ya sinema iliyokuwa imechoka akaitikisa: steringi wake havutwi na haki, anavutwa na pesa, hanyoi ndevu, haongei, na Ennio Morricone akaacha mafidla ya zamani akaweka mluzi, mjeledi, gitaa la umeme. Mwaka 1968 kwenye Once Upon a Time in the West, Leone anaanza na watu watatu wanasubiri treni stesheni, zaidi ya dakika kumi, karibu hakuna maneno, kuna pangaboi la kuvutia maji linalolia, kuna tone la maji linadondokea kwenye kofia ya mmoja, kuna nzi anatembea kwenye ndevu za mwingine, jamaa anamnasa nzi ndani ya mtutu wa bastola anamsikiliza. Dakika kumi! Halafu risasi zenyewe ni sekunde chache. Ndo maana mzee anakumbuka risasi moja mpaka leo, kwasababu alisubirishwa.

Stori ya ile sinema ya 1964 Leone aliitoa kwenye Yojimbo ya Mjapani Akira Kurosawa, ya 1961, bila kuomba, Wajapani wakamdai wakalipwa, na kwasababu ya mvutano huo Marekani ilichelewa kuiona mpaka 1967. Na Kurosawa mwenyewe alikuwa anamhusudu John Ford. Na Seven Samurai yake ya 1954 Wamarekani wakaigeuza kuwa The Magnificent Seven ya 1960, hiyo kwa ruhusa. Kwa hiyo kitu kimetoka Marekani kikaenda Japani, kikaenda Italia kikapigwa picha Hispania, kikarudi Marekani kikiwa kimebadilika, na kila kilipopita kimeongezwa nguvu. Stori ya Yojimbo ilikuwa na mwenyewe, sawa, lakini kauboi hakuwa na mwenyewe. Kofia, farasi, mji wa vumbi, mgeni asiye na jina, hakuna kampuni duniani inayoweza kukushtaki kwa hivyo. Franco Nero kaburuza jeneza kwenye Django ya Sergio Corbucci mwaka 1966, ikapendwa, mara zikamwagika sinema kibao zenye jina la Django kwenye bango ambazo hazihusiani naye kabisa. Nyingi mbovu, lakini mlango ulikuwa wazi, na mlangoni wakaingia watu wenye hasira na mawazo yao.

Linganisha na Superman. Siegel na Shuster waliuza haki zote mwaka 1938 kwa dola 130. Mia moja na thelathini! Walihangaika miaka mingi na kesi na umaskini wakati mtu waliyembuni anatajirisha wengine. Marvel nao miaka ya 1990 walikuwa na hali mbaya, 1996 wakaingia kwenye ufilisi, na katika miaka hiyo haki za filamu za watu wao wakubwa zikatawanyika, X-Men wako studio ya Fox, Spider-Man kaenda Sony mwaka 1999. Walipoamua kutengeneza muvi wenyewe mwaka 2005 wakapata mkopo wa dola milioni 525 na dhamana waliyoweka ni haki za wahusika wao, yaani kina Captain America waliwekwa rehani kama hati ya nyumba. Iron Man ikalipa, Disney ikainunua Marvel mwaka 2009 kwa bilioni 4 hivi, 2019 ikainunua na Fox.

Sasa mtu aliyeshikiliwa namna hiyo nani atamruhusu atupe beji mavumbini? Ndo maana nasema tatizo si kwamba watengenezaji wa leo hawana akili, wapo wenye akili sana. Tatizo ni kwamba Coogler au yeyote akimaliza kazi anarudisha yule mhusika ofisini akiwa mzima, maana ana ratiba ya muvi nyingine, midoli, michezo ya kompyuta, na bustani za burudani. Na tatizo la pili, hakuna Leone anayeweza kutokea. Kijana wa Lagos au Manila au hapo Tanga mwenye wazo kali la kumgeuza Batman kichwa chini miguu juu hawezi kulitengeneza, wanasheria watamfikia kabla ya watazamaji. Kwa hiyo aina hii ya sinema inaongea na wenyewe tu ndani ya majengo yale yale, hakuna mgeni anayeingia kuigombeza.

Sasa swali lako la pili. Steven Spielberg alisema mwaka 2015 kwamba sinema za masupahiro zitapita kama zilivyopita za makauboi, na watu wengi wanarudia kauli hiyo bila kuangalia makauboi walikufaje. Hawakufa kwasababu watu walichoka ghafla. Kwanza TV iliwashusha thamani: mwaka 1959 televisheni za Marekani zilikuwa na tamthilia za kikauboi zaidi ya 25 za jioni, Gunsmoke peke yake imedumu kuanzia 1955 mpaka 1975, sasa nani alipe tiketi kwa kitu anachopewa bure sebuleni. Pili ikaja vita ya Vietnam na harakati za haki za watu weusi, mtazamaji kijana akaanza kuwaonea huruma wale waliokuwa wanaanguka kutoka kwenye farasi, na The Wild Bunch ya 1969 ikaonyesha risasi inafanya nini kwenye mwili wa mtu, baada ya hapo ile vita safi ya zamani ikawa haiangaliki. Tatu, kazi ya kauboi ikachukuliwa na wengine, Eastwood yule yule mwaka 1971 kawa polisi wa San Francisco kwenye Dirty Harry, na 1977 Star Wars ikahamisha farasi na baa na mgeni mwenye bastola kwenda angani. Heaven's Gate ya 1980 iligharimu kama dola milioni 44 ikaingiza kama tatu na nusu tu Marekani, watu wanaitaja kama muuaji, mi naona yenyewe ilipiga msumari kwenye jeneza lililokuwa limeshafungwa.

Angalia masupahiro: njia ya kwanza wameshaanza kuipita. Mwaka 2021 peke yake Marvel walitoa muvi nne na tamthilia tano kwenye Disney+, ile huduma ya Disney ya kuangalia mtandaoni, mtu akikosa moja haelewi inayofuata, ikageuka kuwa kazi ya darasani. Mwaka 2023 The Marvels ikaingiza dola milioni 206 hivi dunia nzima, ya chini kuliko zote walizowahi kutoa kwenye ule mfululizo wao, na bosi wa Disney wa wakati huo, Bob Iger, akakiri hadharani kwamba wingi ulipunguza umakini. Lakini mwaka uliofuata Deadpool & Wolverine ikajaza kumbi. Kwa hiyo kufa kwa ghafla sahau. Nnachokiona mimi ni kupungua, muvi chache zaidi kwa mwaka, na zile zinazopendwa zitakuwa zile zinazokubali kuisha.

Na kauboi hakufa moja kwa moja, ndo hapo unaona faida ya kutokuwa na mwenyewe. Alikaa karibu kimya miaka kumi, Dances with Wolves ikachukua Oscar ya filamu bora kwenye tuzo za 1990, na kwa mwaka 1992 Eastwood akachukua na Unforgiven, ambayo ni mzee anayekataa kila kitu alichokuwa anakiuza ujanani. Mtu yeyote mwenye jambo la kusema anaweza kulala miaka ishirini akaamka akamkuta farasi pale pale. Masupahiro wanaanza kuingia kwenye hali hiyo Januari mwaka 2034, ndo Superman wa kwanza kabisa, yule wa 1938, hakimiliki yake inaisha Marekani, Batman anafuata 2035. Ni wale wa mwanzo tu, si kila kilichoongezwa baadaye, na jina kama nembo ya biashara bado litalindwa, lakini mlango utafunguka kidogo. Mi hiyo tarehe naisubiri kwa hamu kuliko muvi yoyote iliyotangazwa, nataka kuona mtu wa mbali anafanya nini na yule jamaa bila kuulizwa na ofisi.

Kwa sasa, badala ya kuendelea kubishana mlangoni, kaeni na mzee mfanye hivi. Siku moja muangalie Liberty Valance halafu The Dark Knight, kwa mpangilio huo, mzee asipewe nafasi ya kuondoka katikati. Wiki inayofuata muangalie Shane halafu Logan. Kwenye Logan kuna sehemu wako hotelini, Profesa Xavier, yule mzee anayesafiri na Wolverine, na binti mmoja anaitwa Laura wanaangalia TV, na kinachoonyeshwa ni Shane yenyewe, na mwishoni mbele ya kaburi binti anarudia maneno aliyoyasikia pale. James Mangold aliyeiongoza kaweka wazi kabisa kaichukua wapi. Usimwambie mzee mapema, mwache ayatambue mwenyewe. Na Logan ina damu na matusi ya kutosha, wadogo zako walale kwanza.